Barua kwa mwanangu: mawe yaliyokuwa ndani ya msitu

Primorsko, Bulgaria

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Uliniagiza picha za kila nitakapokwenda, na jana tulipokwenda kuona mawe ya kale, siku yenyewe ya kupiga picha, simu ikaishiwa chaji kabla hatujashuka garini. Wenzangu walipiga, ila nao ni wazee kama mimi, na nusu ya picha zao zina kidole. Basi nimetafuta karatasi.

Unaikumbuka ile picha ya kwenye albamu, nimevaa gauni la maua, nimesimama ufukweni na wasichana wawili? Ilipigwa hapa hapa Primorsko, mwaka 1985. Tulikuwa tunasoma kilimo Plovdiv, likizo ya kiangazi tukaletwa kwenye kambi ya vijana, tukaogelea Bahari Nyeusi mpaka ngozi ikachubuka. Nyuma yetu kulikuwa na msitu wa mialoni. Tukaambiwa msitu ule haukanyagwi, ndiko anakopumzika na kuwinda Todor Zhivkov, mkubwa wa nchi. Hatukuuliza zaidi. Enzi zile ukishajibiwa hivyo, umejibiwa.

Kumbe mle ndani ndiko kulikokuwa na Beglik Tash, mahali pa ibada pa Wathraki, watu wa kale wa nchi hii kabla ya kuja Warumi na kabla ya Wabulgaria wenyewe. Zhivkov aliondoka madarakani Novemba 1989, msitu ukafunguliwa, na mwaka 2003 mwanaakiolojia Tsonya Drazheva akaanza kuchimba. Jina lenyewe ni la Kituruki: beglik ilikuwa kodi ya mifugo, tash ni jiwe. Yaani wafugaji na watoza kodi walipajua. Sisi wanafunzi tu ndio hatukupajua.

Ukitoka kwenye miti unakutana na majabali yamekaa uwanjani kama ng'ombe waliolala. Kuna moja kubwa kuliko chumba chako, limegusa chini sehemu mbili tu. Niliinama nikaona mwanga wa upande wa pili. Nikalisukuma kwa kiganja, nikajiona mjinga, nikatazama kama kuna aliyeniona.

Kilichonishika zaidi ni mabakuli. Juu ya jiwe bapa wamechonga vishimo vya mviringo, na kati yake vijifereji vyembamba vinavyopeleka maji toka kimoja hadi kingine. Usiku ilikuwa imenyesha. Katika kimoja maji yalikuwa yamejaa, jani la mwaloni limeelea, mdudu mweusi amepanda juu yake asizame. Nikachovya kidole, nikakikokota kwenye kifereji, maji yakanifuata. Kijana aliyetutembeza alisema humo walimwaga divai na damu ya sadaka. Alisema pia mawe fulani ni saa ya jua, na jingine ni kitanda cha ndoa ya miungu. Hapo nilinyamaza. Mvua nayo huchonga mwamba, nami nimeishi na udongo na maji maisha yangu yote. Lakini vile vifereji, mwanangu, ni mkono wa mtu.

Kuna pia upenyo kati ya mawe mawili. Wanasema mwenye dhambi hukwama. Nikaingia kwa ubavu, nikakwama. Nikawaambia si dhambi ni banitsa, ile mikate yao ya jibini ninayokula kila asubuhi tangu nifike. Nyuma yangu mtoto wa Kibulgaria akapiga kelele, "Hayde, baba!" Nikacheka nikazidi kubanwa. Kwao hayde ni haya twende, na baba ni bibi. Nilikuwa nimesahau.

Mgiriki wa kale Herodotus aliandika kwamba kabila moja la Wathraki, Watrausi, mtoto akizaliwa ndugu walimzunguka wakamlilia kwa mateso yote yanayomngoja, na mtu akifa walimzika kwa furaha, amepumzika. Wewe ulipozaliwa shangazi zako walipiga vigelegele mpaka wakatolewa wodini. Sijui Watrausi wangesemaje.

Ila hayo ni maneno ya Mgiriki. Wathraki wenyewe hawakuacha vitabu, kwa hiyo anayetaka kujua kilichosemwa pale kwenye mabakuli ana vigae vya vyungu tu vya kuuliza. Nikiwa nimekaa juu ya lile jiwe, nikipumzisha magoti, nilimkumbuka bibi yako. Unajua kule Kolo, Kondoa, watu bado wanapeleka mbuzi na pombe kwenye pango la Mungomi, kwenye michoro ya kale ya mwambani. Nilikwenda naye mara moja, nina miaka tisa. Alimimina pombe mwambani, midomo inacheza. Nilikuwa nimesimama hapo ubavuni, nikiangalia nzi. Sikumuuliza alisema nini, wala siku hiyo wala miaka yote aliyoishi baadaye.

Bibi mdogo naye alikuwepo siku ile. Ukienda Kondoa mwisho wa mwezi pitia kwake, mpelekee sukari na zile khanga nilizoacha kabatini, na umuulize taratibu. Usimwandikie mbele yake, atakataa kusema. Andika ukifika nyumbani.

Nafika Dodoma Jumamosi usiku. Uje na ile dawa ya kuchua.

Mama yako