Pete inapopwaya, pima kwanza

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuizungumzie pete inayopwaya. Mitaani ina tiba mbili tu: izungushiwe uzi, au ipelekwe kwa sonara ikatwe. Kila moja ina mahali pake, ila watu wengi huichagua kabla ya kujua pete inapwaya kwa nini. Ndiyo maana pete nzima hukatwa bure, na ile iliyostahili kukatwa hubaki na uzi mweusi wa jasho mpaka siku inapochomoka kwenye beseni la kufulia.

Kidole hakina kipimo kimoja. Joto hukivimbisha, baridi hukisinyaza. Usingizi na chakula cha chumvi nyingi hukijaza. Aliyepimwa Dar es Salaam mwezi Februari, saa 9 alasiri, akahamia Njombe na kuivaa pete ile ile alfajiri ya Julai, ataiona inapwaya ingawa sonara hakukosea. Akiikata huko, atakaporudi pwani itamganda kidoleni. Kwa hiyo pima mara tatu, siku tofauti, jioni mwili ukiwa umetulia, kwenye kidole chenyewe kitakachovaa pete, kwa kuwa vidole vya mkono wa kulia na wa kushoto mara nyingi havilingani. Mjamzito asipimwe kabisa. Asubiri miezi kadhaa baada ya kujifungua. Anayeendelea kupungua mwili naye asubiri uzito utulie.

Nyumbani unaweza kupima kwa ukanda wa karatasi wenye upana unaokaribia ule wa pete. Uzungushe kwenye shina la kidole, weka alama ya kalamu pale unapokutana, kisha uunyooshe juu ya rula. Uzi haufai, maana huvutika, na kosa la milimita 1 kwenye mzunguko ni karibu nusu namba ya pete. Ukipata milimita 54, gawanya kwa 3.14: kipenyo ni milimita 17.2. Halafu pima kipenyo cha ndani cha pete yenyewe, kwa vernia (rula yenye taya za kupimia) kama ipo. Pete pana, ya milimita 6 na zaidi, hubana kuliko nyembamba ya namba hiyo hiyo, kwa hiyo iachiwe nafasi kidogo.

Pete inayokaa vizuri huvuka kifundo kwa kusukumwa kidogo na hutoka kwa kuvutwa huku ikizungushwa. Shusha mkono, ukung'ute kama unayekausha maji. Pete isipotembea hadi kifundoni, haipwayi, hata kama inazunguka. Kuzunguka ni ugonjwa mwingine. Pete yenye jiwe kubwa na shina jembamba ina uzito wote juu, lazima ilale upande. Na wapo wenye vifundo vinene na mashina membamba ya vidole, hasa wenye umri mkubwa au ugonjwa wa viungo: pete ikipunguzwa ilingane na shina, haivuki kifundo, ikilingana na kifundo, inacheza ikishafika.

Kwa watu hao msumeno hauna kazi. Dawa ni vijishanga viwili vya madini yale yale ya pete, vya kipenyo cha milimita 2 hivi, vinavyolehemiwa upande wa ndani chini, zilipo namba 4 na namba 8 kwenye uso wa saa. Huwa vinaminya nyama ya kidole kidogo tu na kuizuia pete isizunguke, na vinaweza kufidia nusu namba hadi namba nzima. Vikikera, hukwanguliwa na pete ikabaki kama ilivyokuwa. Njia nyingine ni ukanda mwembamba wa springi uliofungwa ndani ya pete: hubonyea wakati wa kuvuka kifundo, kisha hujaza nafasi.

Ikithibitika kwamba pete ni kubwa kweli, hesabu ya kukata ni rahisi na mwenye pete anapaswa kuijua. Zidisha tofauti ya vipenyo kwa 3.14. Pete ya kipenyo cha milimita 18.1 inayotakiwa kuwa 17.3 imezidi milimita 0.8, basi kipande cha kuondolewa ni cha milimita 2.5. Tuchukue pete ya ndoa ya karati 18 yenye gramu 5, isiyo na jiwe na yenye unene sawa pande zote, tuseme milimita 1.8. Mzunguko wake ukipimwa katikati ya unene ni milimita 62 na kitu. Kipande hicho ni asilimia 4 ya pete, yaani gramu 0.2. Tupa na msasa vitakula sehemu ndogo tena ya gramu. Kwa hiyo pete ipimwe kwenye mizani ya sonara mbele ya mwenyewe kabla na baada ya kazi, na kipande kirudishwe mkononi mwake au thamani yake ikatwe kwenye malipo. Hicho ni dhahabu ya mteja. Fundi anayesema "kimeisha kwenye moto" aulizwe moto gani unaokula dhahabu.

Mkato hupigwa chini ya pete, mbali na jiwe, na kando ya muhuri wa usafi wa madini, yaani 750, 875, 916 au 925, usipotee. Ikiwa pete imewahi kukatwa, fundi huitia joto kidogo auone mshono wa zamani, akate papo hapo ili isiwe na mishono miwili. Baada ya msumeno, ncha mbili hunyooshwa kwa tupa na kukutanishwa mpaka zibanane zenyewe. Fundi ainyanyue kwenye mwanga: akiona mwanga unapenya, bado. Lehemu hupenya kwenye ufa mwembamba sana, haizibi pengo. Pengo lililojazwa lehemu ndilo linalofunguka mwaka unaofuata. Kisha hupakwa boraksi, dawa inayosaidia lehemu itiririke, huwekwa kipande cha lehemu kisichozidi milimita 1, na pete yote hupashwa moto polepole kabla ya kuukaza mwali kwenye mshono, kwa sababu lehemu hukimbilia palipo na joto zaidi. Lehemu iwe ya karati ile ile ya pete, la sivyo mshono utaonekana kama kovu.

Weusi wa moto husafishwa kwenye asidi hafifu ya sulfuriki, asidi sehemu 1 kwa maji sehemu 9, na asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji. Pete hutolewa kwa kibano cha shaba au plastiki. Kibano cha chuma kikiingia humo, shaba iliyoyeyuka ndani ya asidi huikalia pete, ikatoka ya pinki. Mwisho pete hurudishwa umbo la duara kwenye fimbo ya chuma kwa nyundo ya mbao, ikapigwa msasa wa 400, 600, kisha 1200, halafu ikang'arishwa.

Kosa baya kuliko yote ni kutumia waya wa lehemu wa mafundi redio. Unayeyuka upesi kwa moto mdogo, kazi inaisha kwa dakika 5, na pete inaonekana imeshika. Lakini ule ni bati na risasi. Siku pete itakapopelekwa kwa fundi mwingine na kutiwa moto wa kweli, risasi huingia ndani ya dhahabu au fedha na kuila, ikaacha vishimo. Dalili yake ni mstari wa kijivu kwenye mshono ambao hauchukui rangi hata ukisuguliwa.

Halafu kuna mawe, na hapa hasara huwa kubwa. Lehemu ya dhahabu na ya fedha nyingi huyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 650, na joto husafiri haraka, kwenye fedha hasa. Lulu, opali, feruzi na zumaridi hazistahimili joto hilo. Tanzanite nayo haistahimili, na ndiyo inayoleta ubishi, kwa sababu kila mtu anajua kwamba mawe mengi ya Mererani huchomwa ili yapate bluu yake. Ni kweli, huchomwa kwenye tanuri, kwa karibu nyuzi 500 hadi 600, lakini joto hupandishwa pole na kushushwa pole. Mwali wa fundi hupiga upande mmoja kwa ghafla, na pete ikitumbukizwa majini ingali moto jiwe hupasuka papo hapo, au hupata ufa wa ndani unaofunguka baadaye. Tanzanite ing'olewe kwanza, irudishwe kazi ikiisha, na isiingizwe kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo.

Vivyo hivyo pete za fedha zenye akiki, ambazo wanaume wengi wa pwani huzivaa: jiwe litoke kwanza, kwani mara nyingi chini yake kuna gundi inayoungua. Almasi na yakuti hustahimili zaidi, ingawa almasi isiyopakwa kinga inaweza kutoka na ukungu juu. Karakana yenye mashine ya leza inaweza kuunga pete bila kuling'oa jiwe. Na pete ya jiwe isipunguzwe zaidi ya namba 2 kwa kukata, maana mkunjo mpya wa shina husogeza vikucha vinavyolishika.

Pete ya kuchovya itapoteza mchovyo wake kwenye moto, hivyo bei ya kuchovya upya iingizwe kwenye mapatano. Dhahabu nyeupe nayo huhitaji kupakwa tena rodiamu, madini meupe yanayoing'arisha. Tangsteni na kauri hazipunguzwi kwa namna yoyote, hubadilishwa. Pete ya ndoa isiyo na jiwe wala nakshi ina bahati: ipo mashine inayoiminya pande zote ikapungua kama nusu namba bila kukatwa na bila kupoteza dhahabu. Koleo si mashine hiyo. Koleo huipa pete umbo la yai.

Uzi unafaa kwa siku chache tu, kujaribu namba mpya kabla ya kukata: uzungushe chini ya pete mpaka ikae vizuri, umpelekee fundi hivyo hivyo. Ukiachwa wiki nyingi hushika sabuni na maji, ngozi ikaanza kuwasha na kubabuka. Kisponji cha plastiki cha kuvisha chini ya pete ni bora kidogo, kwa sharti kitolewe na kukaushwa kila jioni. Supa glu usiitumie: mvuke wake huacha utando mweupe kwenye jiwe.

Siku ya kuichukua pete, pitisha ukucha ndani juu ya mshono, usikwame popote. Iweke juu ya kioo cha meza uone kama imelala sawa bila kuyumba. Ilete karibu na sikio uigonge kwa kidole: jiwe likilia tiki-tiki, vikucha vimelegea, irudishe kabla hujatoka mlangoni.

Masonara wawili,
Dar es Salaam