Talaka isiyofuata taratibu ni dhuluma

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe Waislamu wenzangu, hasa waume, kwamba talaka ina taratibu zake. Siku hizi mke hupokea ujumbe wa simu usemao "nimekuacha", na kabla ya magharibi ameshafungishwa virago, ilhali Surat At-Talaq, aya ya 1, inakataza kumtoa nyumbani akiwa edani, yaani katika muda wa kungoja baada ya talaka, isipokuwa akitenda uchafu ulio wazi. Kabla ya hapo, Surat An-Nisaa, aya ya 35, inaagiza wateuliwe wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mwingine wa upande wa mke. Na mahari iliyobakishwa je? Hilo ni deni. Masheikh wayaeleze haya mbele ya walii (msimamizi wa bibi harusi) na mashahidi, kabla ya kufungisha ndoa.

Msomaji wako,
Tanga