Salamu za Pasaka ya Kiyahudi kutoka Nabugoye, Uganda, kwa walio karibu na walio mbali

Wazee wangu, kina mama, shemeji zangu, wanangu na wajukuu popote mlipo: Nabugoye, Namanyonyi, Putti, Namutumba, na ninyi mliopelekwa na kazi Kampala, Eldoret na Nairobi. Shalom. Nawatakia Pasaka njema yenye afya, amani na baraka tele. Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo azidi kuwafunika. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wajukuu wa ng'ambo ya Malaba Kiluganda kimewaponyoka, na kosa ni la nani wazazi wao wanajua.

Mwaka umekuwa mzito. Unga wa ngano umepanda, zabibu kavu za kuchemshia divai ndiyo usiseme, na kuku wa sikukuu anataka bei ya mbuzi wa juzi. Kahawa imepata bei kidogo, lakini wezi walipata habari kabla yetu. Idi ya majirani imepita, pilau yao tumeila. Pasaka ya Wakristo iko njiani. Sisi Wayahudi chachu, isiyoruhusiwa nyumbani wakati wa Pasaka, tumeshaifagia hadi pembe za ghala. Tumefika, tunashukuru.

Lakini meza ya mwaka huu ina pengo. Mama alitutoka kabla ya mwaka kuisha, na mliokuja kumzika Mungu awalipe. Mliowahi kula Pasaka kwake mnamjua: ikifika saa ya kumfungulia mlango nabii Eliya, kama ada yetu ya Pasaka, ni yeye aliyekwenda mlangoni, akafungua upana wa mkono, akasubiri kidogo, akafunga na kukomea. Hata miaka hii ya karibuni, umeme unawaka na vijana wanaimba hadi barabarani, komeo lake lilikuwa palepale. Tulikuwa tukimcheka.

Hofu ile aliitoa wapi tunajua sote. Babu zetu waliomfuata Semei Kakungulu, mkuu aliyeingia Uyahudi na watu wake, mwaka 1919 hawakupendwa na Waingereza, lakini walisali mchana kweupe. Aliyetufundisha kunong'ona ni Idi Amin, alipotawala Uganda. Wengi walibadili dini ili waishi, siwalaumu. Tulikuwa maelfu, tukabaki mia chache. Baada ya Waisraeli kuwaokoa mateka wa ndege huko Entebbe, Julai 1976, mambo yakaharibika zaidi. Wakamuua Dora Bloch, bibi kizee, mmoja wa mateka wale, aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago. Wakawaua na mamia ya Wakenya waliokuwa wakiishi nchini kwetu, eti kwa sababu ndege za Israeli zilijaza mafuta Nairobi. Mama alisema akisikia Kiswahili nje usiku tumbo lilimkata, maana ndicho walichozungumza wanajeshi. Kisha Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, jioni ileile ya kuingia Pasaka, na waliomng'oa Amin walikuwa Watanzania, nao wakizungumza Kiswahili hichohicho! Huku Mbale walikuwa bado hawajatufikia. Tulisikiliza redio kwa sauti ya chini, tukala mboga chungu gizani, na mlango haukufunguliwa kabisa.

Nami, mzee mzima, gari likisimama nje usiku bado napunguza sauti ya Kidushi, baraka ya divai. Juzi nikamwona mjukuu wangu, mtoto ambaye Amin hamjui hata kwa picha, naye ananyamaza kwa kuwa mimi nimenyamaza. Hilo lilinichoma kuliko msiba wenyewe. Kwa hiyo mwaka huu mlango nimempa yeye. Ataufungua wote, na atakayekereka na mbu avumilie.

Siwaambii muitupe hofu hiyo. Kuna siku ilituokoa. Ninachowasihi ni msimpelekee mwingine. Aliyeogopeshwa sana ni mwepesi wa kutafuta wa kumwogopesha. Tangu Hamas iliposhambulia Israeli Oktoba 7, 2023 watoto wetu wanaulizwa shuleni kuhusu "vita vyenu", na baadhi yenu mmeanza kuvua kipa, kofia yetu ndogo ya Kiyahudi, mkienda sokoni. Tuliwalilia waliouawa na kutekwa siku ile. Watoto wa Gaza nao tuwalilie, wala mtu asiniambie kwamba kilio kimoja kinafuta kingine. Tukifika kwenye yale mapigo kumi, divai tunaipunguza tone kwa tone kwa kuwa Wamisri nao walikufa. Tutaipunguzaje kwa ajili ya watu wa Farao, halafu tushindwe kwa hawa wa leo?

Amani yenyewe mnaijua, mmeibeba kwenye magunia. J.J. Keki, mwenzetu mkulima wa kahawa, alikuwa New York Septemba 11, 2001, akayaona mashambulizi ya kule. Aliporudi aliwaita Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa milima hii, na mwaka 2004 ushirika wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, ukaanza kuuza kahawa yetu pamoja. Imani kila mtu alibaki na yake. Mizani ilikuwa moja.

Basi tusiimbe uhuru huku tunadaiwa. Torati imesema ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi, na kuna watu humu, sitawataja, waliochumiwa kahawa na mpaka leo wanasema "njoo kesho". Lipeni kabla hamjaketi mezani. Wale vijana wa Karamoja wanaozunguka Mbale wakitafuta kazi, msiwaite wezi kwa sura zao; sisi pia tuliitwa majina. Mjane asinyang'anywe shamba na shemeji zake. Vijana wa siasa wakiwapa pesa ili mtukane kabila la mtu, rudisheni pesa. Mpendeni mgeni, kwa kuwa mlikuwa wageni Misri, na wengine wenu mlikuwa wageni hapahapa nyumbani.

Waliopungukiwa unga wawaone kina mama wa sinagogi kabla jua la Ijumaa halijazama. Mwenye zabibu za ziada asizifiche. Wa Nairobi, nauli ikiwashinda pigeni simu, tuwasikie mkiimba. Hag sameah, sikukuu njema, kwenu nyote. Mwakani Yerusalemu, na mfuko ukikataa, mwakani Nabugoye.