Kupiga Windows upya si dawa ya kila kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwafikishie ujumbe mafundi na wauzaji wa vipuri vya kompyuta, hasa wa Kariakoo ambako wengi wetu hununulia, kuhusu mazoea ya kupiga Windows upya, yaani kuifuta programu endeshi na kuiweka tena, kila kompyuta inapoleta ukorofi, hata pale ambapo hakuna aliyethibitisha kwamba tatizo limo kwenye programu.

Mwaka jana niliunganisha mwenyewe kompyuta ya mezani ya kuhariria video za harusi, kazi inayonilisha mimi na familia yangu. Ilikwenda vizuri siku nne; ya tano ikaanza kuganda, mara skrini ya buluu, mara inajizima na kujiwasha yenyewe, na kila mara kosa lililoandikwa lilikuwa jingine. Fundi wa kwanza alipiga Windows. Wa pili alisema ni virusi, naye akapiga Windows. Duka lililoniuzia vipuri lilisingizia umeme wa mtaani kwetu, nikanunua stabilaiza, na hali ikabaki ile ile. Katika kuhangaika huko faili za harusi moja ziliharibika, na mama wa bibi harusi akawa ananipigia simu kila asubuhi, akiniulizia kazi yake kwa upole uliokuwa mzito kuliko matusi.

Jambo ambalo mafundi wale hawakulizingatia ni kwamba kila kitu kinachoandikwa kwenye diski hupitia kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi, kwa hiyo ikiwa RAM inakosea, Windows mpya nayo huandikwa na makosa yake tangu siku ya kwanza, sawa na hati iliyonakiliwa na karani asiyeona vizuri. Hata ile taarifa ya Kernel-Power 41 katika orodha ya matukio ya Windows, ambayo fundi wa pili alinionyesha kama ushahidi wa umeme mbovu, husema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu, haisemi kilichoizima.

Mwishowe niliamua kupima mwenyewe, kitu kimoja baada ya kingine. Joto la prosesa, chipu kuu ya kompyuta, lilikuwa la kawaida. Waya za volti 12 za pawa saplai zilisoma 12.1 kwenye malitimita, wakati kiwango kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Ndipo nikaiweka Memtest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi bila kuihitaji Windows, nikaiacha ifanye kazi usiku. Saa nane nilipoamka kuitazama, skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu. Nikachomoa RAM moja na kuipima iliyobaki: safi. Nikabadilisha: safi pia. Nilipozirudisha zote mbili kwa kasi ya 3200, mistari ikarudi. Nilipozima mpangilio wa XMP, unaoikimbiza RAM kwa kasi kubwa kuliko ya kawaida, kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, zikashuka hadi 2133, na usiku mzima halikutokea kosa hata moja. Hapo ndipo nilipozigeuza chini ya taa na kusoma lebo zake. Namba zilikuwa tofauti. Nilikuwa nimeuziwa kama jozi, ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, RAM mbili ambazo hazikutoka kiwandani pamoja, wala kupimwa kufanya kazi pamoja kwa kasi ile.

Nilizirudisha dukani na risiti mkononi, nikaonyeshwa kibao cha ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi.

Sisemi kwamba kila kompyuta korofi ina ugonjwa wa RAM. Mwaka 2024 kampuni ya Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zikiharibika taratibu kwa kupata volti kubwa kupita kiasi, ikatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza waranti kwa miaka 2. Prosesa iliyokwisha kuharibika haikuponywa na marekebisho hayo, sembuse Windows mpya.

Ninachoomba si kikubwa. Fundi aandike kwenye risiti alichokipima kabla ya kutaja anachokwenda kukitengeneza, kwa sababu mimi nimelipia kupigiwa Windows mara mbili na sina hata karatasi moja inayoonyesha kwamba kuna aliyewahi kuipima RAM. Muuzaji naye, anapouza RAM kama jozi, afungue mfuko mbele ya mteja wasome namba pamoja, na ampe mteja walau siku tatu za kuipima akiwa na haki ya kuirudisha.

Kompyuta yangu sasa inafanya kazi kwa 2133, polepole kidogo wakati wa kutoa video, lakini haijazimika tena. Harusi ile niliiokoa kwa kuwa nilikuwa sijaifuta kwenye kadi ya kamera.

Mpiga video za harusi,
Temeke, Dar es Salaam