Hesabu kuanzia tarehe ya uamuzi

Melbourne, 23 Februari 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Uamuzi wa Tribunali, kile chombo cha Australia kinachopitia upya maamuzi ya viza, wa kukunyima viza ya ulinzi (ile ya wakimbizi) nimeusoma wote, aya kwa aya, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema kwa kuwa waasi wa M23 wameshaingia kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, sasa ukiupinga uamuzi mahakamani jaji atajua ulikuwa unasema kweli. Pole, mpenzi, jaji hataulizwa hilo. Yeye haangalii kama unastahili viza ya ulinzi, anaangalia kama Tribunali ilifuata sheria ilipokunyima. Na habari za Bukavu za mwezi huu Tribunali haikuwa nazo mezani, kwa hiyo haiwezi kukosolewa kwa kutozipima.

Halafu usisahau, hatari ya Bukavu waliikubali! Kilichokuangusha ni Kinshasa: wanasema ungeweza kuhamia kule ukaishi salama. Hapo ndipo pa kuchimba. Mahakama Kuu ya Australia ilisema mwaka 2007, katika kesi ya SZATV, kwamba haitoshi kumwambia mtu ahamie kwingine nchini mwake. Lazima iangaliwe kama kwa hali yake yeye mwenyewe jambo hilo linawezekana. Sasa wewe uliwaeleza kwenye usikilizaji kwamba huna ndugu Kinshasa, Kilingala hukijui, na ukifungua kinywa tu watu wanasikia Kiswahili cha mashariki na kuanza kukuita Mnyarwanda. Nimetafuta jibu la hilo kwenye zile aya, sikuliona. Wameandika habari za kazi na nyumba, basi. Tribunali ikiruka dai uliloliweka wazi, na dai lenyewe lingeweza kubadilisha matokeo, hilo ni kosa, na kwa kosa hilo mahakama inaweza kuutengua uamuzi mzima.

Omba rekodi ya usikilizaji mapema. Bila rekodi itakuwa neno lako dhidi ya karatasi yao.

Ila tarehe, tafadhali! Wewe unahesabu tangu ulipofungua barua pepe. Siku 35 za kufungua kesi mahakamani zinaanza tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi, 31 Januari, kwa hiyo mwisho ni Ijumaa ya 7 Machi. Ukichelewa utalazimika kumwomba jaji akuongezee muda na kueleza sababu, na si lazima akubali. Ndani ya siku hizo hizo shughulikia pia viza ya kusubiri, ile ya muda inayokuruhusu kubaki hapa, isije ikakuishia huku kesi inaendelea.

Kuna watu wanazungusha maombi yaliyojazwa tayari, yale ya "Tribunali haikunitendea haki" bila kusema wapi wala vipi. Usiyaguse. Majaji wameyaona mengi mno, na ukishindwa unaweza kuamriwa kulipa gharama za mawakili wa Waziri wa Uhamiaji. Nenda RAILS, wale wanaotoa huduma za kisheria kwa wakimbizi na wahamiaji hapo Brisbane, uwaombe ushauri. Wakili akisita kuichukua kesi usikasirike: sheria inamtaka athibitishe kwa maandishi kwamba kesi ina nafasi ya kweli ya kufaulu.

Na ukishinda, jaji hakupi viza. Anairudisha kesi Tribunali isikilizwe upya, na huko ndiko utakaposema yote, hata ya mwezi huu. Najua inachosha kurudia simulizi ile mbele ya mtu mwingine. Lakini kuandika ombi jipya la ulinzi ukiwa humu Australia, baada ya kukataliwa, kwa kawaida hakuruhusiwi, kwa hiyo njia ni hii.

Uliuliza kuhusu mama kule nyumbani, kama jina lako litatokea mtandaoni. Halitatokea. Sheria inazikataza mahakama kulichapisha jina la mwombaji wa viza ya ulinzi. Kesi yako itaitwa kwa herufi na namba badala ya jina, kama hiyo SZATV ilivyoitwa kwa herufi tu.

Kesho nikitoka kazini nakupigia tupange aya za kumwonyesha wakili. Weka uamuzi karibu, na kalamu. Wabusu watoto.

Ni mimi dada yako wa Melbourne