Samaki kipofu wa Mbanza-Ngungu

Zuhura rafiki yangu,

Hujambo? Barua yako nimeipata, na habari ya tangi lako jipya la samaki imenifurahisha. Ila lile ombi la mwisho, nikutafutie samaki kipofu wa Kongo, limeninyima raha, ndiyo maana nakujibu upesi: tafadhali, huyo mwache.

Caecobarbus geertsii, ndilo jina lake la kitaalamu tangu 1921, ni wa ukoo mmoja na ningu na kuyu. Makazi yake ni vijito vya ndani ya mapango ya mawe ya chokaa karibu na Mbanza-Ngungu, kati ya Kinshasa na Matadi, wala hapatikani kwingine duniani. Ukimtazama huoni jicho. Ngozi imepita juu yake. Rangi hana pia. Ule wekundu hafifu mwilini ni damu inayoonekana kupitia ngozi, na penye matamvua umekolea zaidi.

Gizani mle hauoti mmea. Riziki yake huletwa na mafuriko ya masika: majani yaliyooza, wadudu, chochote kilichozolewa huko juu. Kwa lishe hiyo hukua polepole mno na huzaa kidogo, hivyo wakivuliwa hata wachache, pengo lao huchukua miaka kuzibika. Zamani wafugaji wa Ulaya na Marekani walimtamani sana, wakapelekewa wengi. Sheria ya kumlinda ipo tangu enzi za Wabelgiji, 1937, na leo yumo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini: kumtoa nchini kunahitaji kibali.

Lakini kibali hukaguliwa mpakani, na linaloniumiza zaidi liko kwenye vilima juu ya mapango. Mji umepanuka, miti inakatwa, mashamba yanasogea. Mlima ukishabaki mtupu, mvua hushusha tope mahali pa majani. Machimbo nayo yanavunja jiwe lile lile la chokaa ambalo ndilo nyumba yake. Wakulima siwalaumu hata kidogo, wana watoto wa kulisha. Ndiyo maana naamini ulinzi uanzie kwao: miti iachwe kuzunguka midomo ya mapango, machimbo yawekwe mbali, na wanaoyatunza mapango wapate faida wanayoiona kwa macho. Bila hivyo, hata asipouzwa mmoja, ataisha.

Kama moyo wako uko kwa samaki vipofu, yuko yule wa Meksiko, Astyanax mexicanus. Huyo wafugaji humzalisha matangini kwa miaka mingi sasa, hakuna haja ya kumtoa pangoni. Mwambie muuzaji akuhakikishie wamezaliwa tangini. Chukua kadhaa, maana hupenda kuwa kundi, na mawe usiyahamishehamishe. Wakishayazoea hupita katikati yake bila kugonga.

Nisalimie wote nyumbani, na uniandikie umeamuaje.

Wako,
Mwanaidi