Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: tembo wamefika jikoni na ile namba haipokelewi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, shikamoo. Kama umri nimekuzidi basi nisamehe, nimeamkia kiti.

Naandika kwa simu ya mwanangu wa kidato cha tatu, chaji imebaki asilimia 31 na pa kuchajia hakuna maana hata paneli ya sola ilivutwa ikaanguka na hao wageni nitakaokueleza hapa chini, kwa hiyo nikikosea herufi nivumilie kama sisi tunavyokuvumilia wewe tangu mwezi wa pili.

Kijiji sitakitaja. Ni kile ulichokuja na magari matatu ukakaa chini ya mkorosho mkubwa pale ofisi ya mtendaji, tukakupa jogoo na mchele wa hapa hapa, na wala siujutii ule mchele, mgeni ni mgeni. Siku ile ulitoa ahadi tatu na vijana waliirekodi video. Ulisema askari wawili wa wanyamapori watakaa hapa hapa kijijini mpaka mavuno yaishe. Ukasema ndege nyuki, ile ndogo isiyo na rubani, inakuja, itapaa juu ya tembo iwasukume warudi porini. Halafu ukatoa namba ya simu, ukasema hii iko wazi saa 24, ukarudia tena "saa 24 ndugu zangu", watu wakapiga makofi na mimi nikapiga, nilimkalisha mtoto chini ili nipige vizuri.

Sasa nikueleze usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu.

Mume wangu alikuwa shambani kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia mazao, ni mwendo wa kama kilomita mbili kutoka nyumbani, maana tusipolala kule nguruwe pori wanamaliza kila kitu, hilo nitalirudia. Nyumbani nilikuwa mimi, watoto wanne na mama mkwe ambaye miguu haimbebi. Kama saa nane hivi mbwa alibweka mara mbili halafu akanyamaza akaja kujibana mlangoni, na sisi wa huku mbwa akinyamaza namna hiyo tunajua. Nikasikia miti ya jiko inalia. Jiko letu ni lile la nje la miti na udongo, ndani niliweka magunia sita ya mahindi tuliyokwisha kuvuna na kupukuchua, nikijisifu kwamba mwaka huu nimewahi kabla yao. Nimewahi wapi. Walikuwa watano na mtoto wao mmoja, nimewahesabu kwenye upenyo wa dirisha, na yule mkubwa hakupiga ukuta kwa hasira kama watu wanavyosimulia, aliegemea tu taratibu kama mtu aliyechoka anavyoegemea nguzo, na ukuta ukaenda. Akaingiza mkonga akawa anatoa gunia moja moja. Gunia la tatu lilipopasuka wakakusanyika wakala pale pale uwanjani, hatua kumi na tano kutoka kitanda cha mama mkwe, tunasikia wanavyotafuna, na matumbo yao yananguruma kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Chumvi nayo wamekula, na mfuko wake.

Watoto niliwaingiza chini ya kitanda. Mama mkwe akawa anasoma Ayatul Kursiyu, akimaliza anaanza upya. Mimi nikashika simu nikapiga ile namba yako ya saa 24.

Nimepiga mara kumi na nne mheshimiwa, ziko kwenye simu mpaka leo sijafuta. Mara tatu za kwanza haipatikani. Zile nyingine kumi na moja iliita, na mwenye namba ameweka wimbo wa kuitia, basi tumeusikiliza ule wimbo mpaka mtoto wangu wa darasa la kwanza ameukariri, anauimba sasa hivi akicheza, na mimi kila akiuanza tumbo linanikata. Simu ilipokelewa saa mbili na robo asubuhi. Kijana wa watu akaniuliza, "Mama, bado wapo?"

Nilimjibu wamekwenda kazini.

Alikuja Jumatano na pikipiki, na sisi ndo tulichanga mafuta. Akapiga picha, akanipa pole, kiukweli ni kijana mwenye adabu na simlaumu yeye. Akafungua fomu akaniuliza ni ekari ngapi zimeharibiwa. Nikamwambia hakuna ekari, ni jiko na magunia sita. Akasema jiko halimo kwenye fomu. Nikamwambia basi andika mahindi, akasema mahindi yakishavunwa sio zao shambani tena, hapo anapima nini? Yani ningekuwa mvivu nikayaacha yaoze shambani ningekuwa na haki, nimevuna mapema kama mnavyotufundisha kwenye semina, haki imepotea. Ni kama mtu kuibiwa hela ukaambiwa zingekuwa bado hazijatoka benki tungekusaidia.

Na hata hao wenye ekari, tuambizane ukweli. Kanuni za 2011 ziliweka kifuta jasho, ile hela ya pole kwa mazao yaliyoliwa, kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, ilitegemea shamba liko umbali gani na hifadhi, mwisho ekari tano, na ukiwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka hukupata kitu. Yani aliye karibu na tembo ndiye hana chake. Mtu akiuawa kabisa ilikuwa kifuta machozi, shilingi milioni moja. Mimi huwa najiuliza nani alikaa akachagua hayo majina, maana kwa jina tu wameshakwambia hawakulipi, wanakupa kitambaa. Jirani yangu shamba lake la mpunga lililiwa msimu wa juzi, amejaza fomu, amekwenda mjini mara tatu kufuatilia, nauli ameshatumia kuliko atakachopata, na jasho limekauka lenyewe.

Nirudi kwenye dungu. Wakubwa mkija mnasema lindeni mashamba yenu, jiungeni, laleni kwa zamu. Tunalala. Kuanzia mahindi yanapobeba mpaka yanapokauka baba wa nyumba hii halali kitandani kwake. Lakini huku kusini wazee wanakumbuka dungu lina bei gani. Miaka ya 2002 mpaka 2004 kule Rufiji simba mmoja aliua watu zaidi ya 30, na Lindi nako watu waliliwa miaka hiyo hiyo, na wataalamu waliokuja kuchunguza waligundua kitu ambacho bibi zetu walikuwa wanakijua: nguruwe pori anafuata mahindi, mtu anafuata nguruwe akalale shambani kwenye kibanda cha nyasi, simba anamfuata nguruwe halafu anamkuta mtu. Kwa hiyo ukiniambia mume wangu akalinde mimi nasikia kengele nyingine kabisa. Tembo jikoni, nguruwe shambani, simba njiani kati ya hapo. Na asubuhi mtoto anatakiwa awe mstarini saa moja na nusu, anachapwa akichelewa, mwalimu anasema tembo imekuwa kisingizio.

Kwa nini wamezidi? Mimi sio mtaalamu, nasema ninachokiona. Mnatutangazia redioni kwa furaha kwamba mwaka 2014 nchi nzima walibaki tembo 43,330 na sasa wamevuka 60,000. Hongereni, kwa moyo mweupe kabisa nasema hongereni, ile miaka ya ujangili ilikuwa ya aibu, tulikuwa tunasikia bunduki usiku na hakuna aliyekuwa anauliza. Ila miaka ile ile sisi tulilima mpaka karibu na mto tukijua wameisha, vijana wakaoa wakapewa mashamba kule, sasa wenyewe wamerudi wanakuta mihogo kwenye njia yao. Huo nakubali ni ukweli. Tena mimi nakisia na mifugo imechangia, tangu wafugaji walipohamishwa kule bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 wakaletwa kusini, mabonde yenye maji kiangazi yamejaa ng'ombe, tembo naye akinyimwa maji bondeni anakuja kwenye kisima cha kijiji. Wengine hapa wanaapa kwamba hawa tembo waliletwa na malori usiku kutoka hifadhi nyingine ndo maana hawaogopi madebe, mimi hilo siliamini sana, ila hamjawahi kuja kutuambia sio kweli, kwa hiyo linazidi kukua.

Na lile neno lako la ushoroba. Kwenye kikao cha mjini nimeambiwa ulisema sisi ndio tumejenga kwenye ushoroba, yaani njia ya tembo wanaotoka hifadhi ya Selous kwenda hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, wao wana haki ya kupita. Mheshimiwa, baba mkwe wangu Mungu amrehemu hakuchagua hapa. Alishushwa hapa na lori la serikali mwaka 1974, Operesheni Vijiji, na kitanda chake na kuku wake, kule alikozaliwa nyumba zikabomolewa wasirudi. Serikali ilituonyesha kwa kidole, kaeni hapa. Sasa kidole kile kile kinatuambia mmevamia. Kama kuna ramani ya ushoroba mwaka ule ilikuwa kwenye kabati la nani?

Hatujakaa mikono mifukoni, usije ukadhani. Tumefunga kamba zenye vitambaa vya oili chafu na pilipili, inasaidia mpaka mvua inyeshe. Tunachoma kinyesi chao wenyewe kilichochanganywa na pilipili, usiku mzima watoto wanakohoa, tembo wanasimama upande ambao upepo hauendi, wana akili hao kuliko kamati yetu. Mizinga ya nyuki tuliahidiwa 50 ikaja 12, na kwenye hiyo 12 nyuki wameingia mbili, kumi ni masanduku tu yananing'inia, nyuki hapangiwi nyumba na afisa mtu. Ndege nyuki nayo hatujaiona. Kwa hiyo mpaka leo ndege hatuna na nyuki hatuna. Wale vijana wetu wawili wa VGS, yaani askari wa wanyamapori wa kijiji, wanajitahidi, wana tochi moja na vuvuzela moja, betri wananunua wenyewe, mmoja ana harusi mwezi ujao sijui kama mkwe ataruhusu aendelee.

Na kumgusa tembo hatuwezi, wala sitaki mtu aelewe vibaya hapa. Anayeua tembo anakwenda miaka 20, tumewaona waliokwenda. Sheria hiyo inafika kijijini siku hiyo hiyo, na gari lake huwa lina mafuta. Hapo ndo roho inaniuma mheshimiwa, kwamba tembo akifa mnafika baada ya saa tatu na tembo akija mnafika baada ya siku tatu.

Nilianza barua hii nikiwa na orodha ndefu. Nilitaka nidai jiko, nidai magunia sita, nidai fomu ibadilishwe, nidai askari wale wawili na ndege na mizinga iliyobaki. Mwanangu amesoma akaniambia mama ukidai vingi wanakujibu kwamba bajeti bado. Sawa. Jiko nitalisimamisha mwenyewe, shemeji zangu wameshakata miti. Mahindi nitakopa kwa dada yangu Namtumbo. Ndege baki nayo kwanza.

Nakuomba simu tu. Mtu mmoja, awe anaikaa ile simu usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri, miezi hii miwili tu ya mavuno. Apokee. Hata kama gari halina mafuta apokee aniambie halina mafuta, nijue niko peke yangu, niache kuangalia barabara. Unajua mtu ukisubiri msaada hukimbii? Mimi usiku ule ningeweza kumburuta mama mkwe kwa mlango wa nyuma tukaenda kwa jirani, sikwenda kwa sababu simu ilikuwa inaita, nikasema watapokea sasa hivi, watapokea sasa hivi. Kama mwenye simu amechoka mpeni mwingine. Kama hamna wa kumpa, basi mtangaze kwamba ile namba ni ya saa za ofisi, saa moja na nusu mpaka saa tisa na nusu, tuandike na kwenye mkorosho pale ili na tembo wasome.

Salamu kwa familia. Jogoo mwingine yupo ukija, ila njoo usiku, ulale hapa hapa, kitanda tutakutandikia chumba cha mama mkwe upande wa dirishani.

Chaji imefika 9. Nyayo zao tumeziona tena jana jioni pale kisimani, na Jumamosi hii mwezi hautakuwepo kabisa. Sisi tutapiga.

Mimi mama wa watoto wanne, nyumba ya tatu baada ya msikiti, ile isiyo na jiko.